Bakshishi haikumfikia binti, na nyumbani hakukaliki

Salaam Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, nina mke na watoto watatu, tunaishi Kireka, nje kidogo ya Kampala. Nina duka la vipuri vya magari huko Ndeeba. Si duka kubwa ila linatulisha. Nimelelewa kambini Jinja kwa kuwa baba alikuwa mwanajeshi, ndiyo maana nyumbani kwetu hadi leo tunaongea Kiswahili, hata tukigombana. Na sasa tunagombana, kwa sababu ya pesa isiyofika hata shilingi 15,000.

Miezi miwili iliyopita dada yangu na mumewe walikuja likizo kutoka Dallas. Jumapili moja nikawachukua wote, pamoja na mama, mke wangu na watoto, tukaenda Ggaba kula samaki. Tuliagiza ngege wanne wa kukaanga, chipsi, kachumbari na soda, shemeji akanywa bia zake mbili. Samaki walichelewa zaidi ya saa nzima, lakini binti aliyetuhudumia alijua kazi yake. Alileta maji ya kunawa kabla hatujaomba, akamtafutia mama kiti chenye mgongo, na mwanangu wa mwisho alipomwaga soda mezani alikuja na kitambaa akapangusa huku akimtania mtoto asilie.

Bili ilikuja 186,000. Nikaweka 200,000 kwenye kijalada cha bili, nikamwambia, "Baki na balansi yote, mrembo." Akapiga goti, akashukuru, akaondoka na kijalada chake.

Hatujafika hata kwenye gari maneno yakaanza. Shemeji alisema nimemwaibisha, kwamba kwao mtu akihudumiwa vizuri vile anaacha asilimia 20, yaani nilitakiwa kuacha zaidi ya 37,000. Mama akamjibu kwamba yeye tangu azaliwe hajaona mtu akilipwa kwa kuwa na adabu, chakula kimeshalipiwa na binti ana mshahara wake. Mke wangu alinyamaza. Tulipofika nyumbani ndipo aliposema kwamba 14,000 ni maziwa na maandazi ya watoto ya siku kadhaa, na kwamba ameona nilivyoitoa.

Wiki mbili baadaye nilirudi pale na mteja wangu, nikamkuta binti yule yule. Nikamuuliza kama zile pesa zilimfaa. Akaangalia nyuma kwanza, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hakuziona. Kila kinachozidi kwenye kijalada hubaki kwa keshia, kinawekwa kwenye sanduku, na meneja huligawa mwisho wa mwezi. Mwezi ule waliambiwa sanduku limelipa glasi zilizovunjika. Nilipandwa na hasira, nikataka kumfuata meneja pale pale. Binti akanisihi nisithubutu. Basi nikamwomba namba yake, nikamtumia 10,000 kwa simu.

Mke wangu amekuta ule ujumbe wa simu: jina la mwanamke asiyemjua, pesa imetoka kwangu. Shangazi, nyumbani hakukaliki.

Naomba unieleze. Hii bakshishi ni lazima au ni hiari? Ni kiasi gani kwa huku kwetu? Ikishatoka mkononi mwangu ni ya nani? Na huyu meneja nimwendee au niache?

Baba wa Watatu, Kireka

*

Mwanangu,

Nitaanza na mkeo, maana mambo ya sanduku na asilimia yanaweza kungoja, mtu aliyelala akikupa mgongo hangoji. Umeandika kwa mkono wako kwamba ulimwambia binti "mrembo". Ulilitamka mbele ya mkeo na mbele ya mama yako, kwa msichana ambaye hakuwa na jibu la kukupa kwa sababu pesa umeshika wewe na kazi anayeitaka ni yeye. Wiki mbili zikapita, jina lake likatokea kwenye simu yako. Mimi nimesoma barua yako yote nakuamini. Mkeo hakupata barua, amepata neno moja na ujumbe mmoja, akavijumlisha. Usimwambie ana wivu. Kaa naye, umsimulie habari ya sanduku na glasi toka mwanzo, umwonyeshe simu aisome mwenyewe, na namba ya binti uifute mbele yake, maana huihitaji tena.

Na mkirudi kula nje, pesa ya bakshishi mpe mkeo kabla hamjaketi, aikabidhi yeye. Binti ataipokea kwa moyo mweupe zaidi, niamini. Mhudumu wa kike akipewa noti na mwanamume anayemwita mrembo, nusu ya akili yake inafurahi na nusu inajiuliza atadaiwa nini baadaye. Akipewa na mama wa familia, anajua ni asante, basi. Ukiwa peke yako, mwite "dada", sema "asante kwa kazi", toa, ondoka.

Hoja ya maziwa na maandazi nayo usiipuuze. Mkeo hakusema usitoe. Alichoona ni kwamba pesa ya nyumba imetoka ghafla bila yeye kujua. Bakshishi inapangwa pamoja na mafuta ya gari kabla ya kutoka nyumbani. Mkikubaliana kwamba Jumapili hii ni 200,000 kwa kila kitu, basi agizeni mpaka 185,000 mkome hapo, hata kama mtoto anataka soda ya pili. Anayekula hadi shilingi ya mwisho kisha akasema hana cha kumwachia mhudumu, ameamua hivyo tangu alipokuwa anasoma menyu.

Sasa shemeji yako. Hesabu yake ni ya kweli, ila ni ya Texas. Huko Marekani sheria ya taifa inamruhusu mwenye mgahawa kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu 1991, kwa sharti kwamba bakshishi itamfikisha kwenye kima cha chini cha dola 7.25. Majimbo mengine yamekataa utaratibu huo, Texas inaufuata. Kwa hiyo mteja wa Dallas anapoacha asilimia 20 analipa sehemu ya mshahara ambayo tajiri hakuilipa, na asiyeacha kitu amemla mtu jasho lake. Ndiyo maana shemeji yako aliona aibu ya kweli pale mezani, usimcheke. Lakini huko huko duniani, ukienda Tokyo ukaacha noti mezani, mhudumu anaweza kukufuata hadi barabarani akurudishie akidhani umesahau. Kila nchi ina jinsi ilivyogawana huo mzigo kati ya tajiri, mteja na mfanyakazi.

Na Uganda je? Hapa ndipo ninapotaka mama yako anisikilize vizuri, kwa heshima zote.

Anasema binti ana mshahara wake. Kima cha chini cha mshahara nchini kwetu kiliwekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hadi leo hakijabadilishwa. Sita elfu. Katika baa nyingi za Kololo hazitoshi chupa mbili za bia. Bunge lilipitisha muswada wa kuweka kima kipya mwaka 2019, Rais Museveni akakataa kuutia saini. Maana yake ni kwamba mshahara wa mhudumu ni yale tu aliyokubaliana na mwenye mgahawa siku alipoomba kazi, na siku ya kuomba kazi mwenye njaa hana nguvu ya kupatana. Wako matajiri waungwana wanaolipa vizuri na kwa wakati, nawajua na nimewafanyia kazi. Wako wanaomwambia msichana waziwazi, "Mshahara ni huu mdogo, nyingine utajitafutia kwa wateja."

Mimi nimebeba trei mjini Kampala kabla ya kuanza kuandika safu hii, kwa hiyo acha nikuonyeshe kitu ambacho mteja hakioni. Katika baa nyingi mhudumu hachukui tu bia kaunta na kuileta mezani. Anaandikiwa. Kuna daftari, jina lake liko juu ya ukurasa, na kila chupa inayotoka inapigwa mstari chini ya jina lake. Usiku wa manane mkiwa mmeshaondoka, anasimama mbele ya kaunta na pesa zake zimekunjwa, mistari inahesabiwa. Mstari usio na pesa ni deni lake. Ukiondoka na kusema "nitapitia kesho," umemwachia yeye mstari huo. Ukienda msalani ukapitia mlango wa nyuma, umemnywesha yeye bia uliyokunywa wewe. Ndiyo sababu chupa tupu haziondolewi mezani mpaka mlipe. Wengi hudhani ni uvivu, kumbe ni ushahidi wa pande zote mbili. Hesabu ikishafungwa ndipo anatafuta boda ya kumfikisha nyumbani, saa ambayo bei ya boda si ya mchana. Noti ya 5,000 uliyompa mara nyingi ndiyo inayomfikisha salama.

Na walipofungiwa baa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa tena tarehe 24 Januari 2022, hawa ndio waliokaa karibu miaka miwili bila hata hiyo noti.

Mama yako anasema hajaona mtu akilipwa kwa adabu. Muulize kwa upole kama harusini hajawahi kubandika noti kwenye paji la uso la mcheza ngoma. Mcheza ngoma yule naye alikuwa ameshalipwa na wenye harusi. Mcheza kwao hutunzwa, na wazee wetu walitunza bila kuuliza asilimia. Kitu ambacho hawakukizoea ni mgahawa wenyewe. Nyumbani mgeni akihudumiwa na binti wa nyumba, shukrani inarudi kwa njia nyingine: kesho naye atapokewa kwao, atabebewa kuku, atapewa majani ya chai. Binti wa Ggaba hatakuja kula kwenu Kireka. Shukrani yako kwake ina njia moja tu.

Je, ni lazima? Hapana. Hakuna sheria inayokulazimisha, na mhudumu akikuwekea kijalada mbele ya uso akasimama hapo bila kuondoka, una haki ya kuchukua balansi yako yote na kumuaga kwa heshima. Mtu ambaye amejibana kumnunulia mama yake sahani moja ya samaki siku ya kuzaliwa hana deni kwa mtu yeyote zaidi ya bili. Ila wewe una gari, una duka, na umeagiza ngege wanne. Mwenye uwezo kama wako ninamtarajia atoe, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno.

Kiasi gani: kwenye mgahawa wa kuketi na kuhudumiwa hapa Kampala, asilimia 5 hadi 10 ya bili ni uungwana kamili. Wewe uliacha 14,000 juu ya 186,000, hiyo ni asilimia 7 na nusu. Hukumwaibisha mtu. Mkiwa kundi kubwa, au mna watoto wanaomwaga soda, sogea karibu na 10, kwa sababu meza yenu imemzuia kuhudumia meza nyingine tatu. Kwenye hoteli ndogo ya matooke na mchuzi wa karanga, sarafu ya 500 au noti ya 1,000 inatosha, na usipokuwa nayo, sema asante, hakuna atakayekununia. Wauza muchomo, nyama choma ya barabarani, wa Namawojjolo na Lukaya wanaokimbilia madirisha ya magari ni wafanyabiashara, pale mnapatana bei na kulipana. Usishike tu mshikaki wake huku dereva anaondoa gari. Na kwenye malwa, pombe yetu ya ulezi, mkiwa mmezunguka mtungi na mirija yenu, msimsahau kijana anayepita na birika la maji moto. Jioni nzima anainama na kuinuka kwa ajili yenu, na ni nadra mtu kumkumbuka.

Huduma ikiwa mbaya? Kwanza jua mbaya ni ya nani. Samaki wenu walichelewa saa nzima, na nakusifu kwamba hukumwadhibu binti kwa hilo. Samaki wa Ggaba anakaangwa baada ya kuagizwa, na anayekaanga ni mpishi, tena huenda ana jiko moja na meza kumi. Mhudumu anayekuja kukuambia mapema kwamba kutakuwa na kuchelewa amefanya kazi yake. Anayekutukana, anayekuongezea chupa mbili kwenye bili akidhani umelewa, huyo usimpe kitu, na mwenye nyumba aambiwe. Katikati ya hao wawili kuna binti aliyechoka asiyetabasamu. Mpe kidogo. Hujui amesimama tangu saa ngapi.

Kabla ya kutoa, soma bili hadi chini. Wengi wanaona 18% pale wanadhani ni ya wahudumu. Hiyo ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inakwenda URA, mamlaka ya mapato, mhudumu hapati hata senti. Baadhi ya mahoteli makubwa huongeza na mstari mwingine wa ada ya huduma. Ukiuona, muulize mhudumu moja kwa moja: "Hii inawafikia?" Uso wake utakujibu kabla ya mdomo. Kama inawafikia, umeshatoa, ukiongeza ni hiari yako juu ya hiari. Kama haiwafikii, kitu kidogo mkononi mwake.

Mkononi, mwanangu. Hapo ndipo 14,000 zako zilipopotea. Kijalada cha bili kinarudi kwa keshia, na kilichomo ndani kinafuata mkondo wa pesa za nyumba. Lipa bili kamili, subiri balansi irudi, kisha chukua kile unachotaka kutoa umkabidhi aliyekuhudumia, yeye mwenyewe, akiwa amekutazama. Kwa hiyo toka nyumbani na noti ndogo. Mtu mwenye noti moja ya 50,000 mfukoni huishia kutoa kikubwa kwa kujuta au kutotoa kabisa. Ukilipa kwa namba ya malipo ya mgahawa kwenye simu, usiongeze bakshishi humo. Pesa hiyo inaingia kwenye akaunti ya mwenye mgahawa na hakuna wa kuitenganisha.

Kumtumia mhudumu mwenyewe kwa simu nako sikupendekezi, hata kama mkeo asingegundua. Akizitoa kuna ada, na juu yake kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5, basi kidogo chako kinakuwa kidogo zaidi. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba umepata namba yake na jina lake kamili lililosajiliwa. Wewe ni mtu mwema, lakini msichana wa baa ametoa namba kwa wanaume wengi "kwa ajili ya bakshishi," na saa saba za usiku simu inalia: "Nilikutumia 20,000, mbona hupokei?" Nimeketi na wasichana waliobadilisha laini zao kwa sababu hiyo. Anayetaka kushukuru kweli hana haja ya namba. Ukiishiwa taslimu, ahidi utamletea ukirudi, na urudi.

Kuna na ile ya "ninunulie soda". Baa zetu zimejaa hiyo, na wanaume wengi wanaona wamemtendea wema mhudumu wakimwagizia bia. Bia ile inalipwa kaunta, faida ni ya mwenye baa, na msichana analazimika ama kuinywa akiwa kazini au kuiweka kando akiomba mungu kaunta ikubali kuirudisha. Soda ni 3,000? Mpe hizo 3,000. Zitanunua sabuni.

Swali lako la tatu: ikishatoka mkononi mwako ni ya nani? Ni ya yule uliyekusudia kumpa. Kama umeiweka kwenye sanduku lenye maandishi ya "wafanyakazi", ni ya wafanyakazi wote, akiwemo mpishi na yule mama anayeosha vyombo nyuma ambaye hakuna mteja anayemwona. Sanduku lenyewe silipingi. Sanduku zuri ni haki, kwa sababu aliyekaanga ngege wako naye amefanya kazi, na nimeona mahali ambapo kila Jumatatu linafunguliwa mbele ya wote, pesa zinahesabiwa mezani, mgawanyo umebandikwa ukutani, meneja hagusi. Wahudumu wa hapo hawagombei meza za wazungu.

Sanduku la Ggaba si hilo. Glasi ikivunjika ni gharama ya biashara, kama mafuta ya kukaangia. Ukilipia glasi za tajiri kwa bakshishi ya mhudumu, umemchangisha mteja kumnunulia tajiri vyombo bila kumwambia. Sheria yetu ya Ajira ya 2006 haimruhusu mwajiri kukata mshahara wa mtu apendavyo. Kuna makato yaliyotajwa, na mengine yanataka ridhaa ya mfanyakazi kwa maandishi. Mwenye kujua kwamba hawezi kukata glasi kwenye mshahara ndiye anayezikata kwenye sanduku. Waingereza jambo hili liliwasumbua hadi wakatunga sheria, inafanya kazi tangu tarehe 1 Oktoba 2024: mwajiri anatakiwa kuwafikishia wafanyakazi bakshishi yote, bila kumega, na kuigawa kwa haki. Nitafurahi siku wabunge wetu watakapoiga hiyo kabla ya kuiga mengine.

Ningependa pia uelewe kwamba noti yako, hata ikimfikia, haimalizi jambo. Tangu 2022 kila mwajiri nchini, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anatakiwa kumwandikisha mfanyakazi wake NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: asilimia 10 ya mshahara anatoa yeye, 5 anakatwa mfanyakazi. Bakshishi haimo humo. Binti anayeishi kwa bakshishi anazeeka bila akiba, na akiugua wiki mbili hakuna meza itakayomlipa. Kwa hiyo tajiri asikuambie "wanapata sana kwa wateja" kama sababu ya kulipa kidogo.

Sasa meneja. Binti alikuomba usithubutu, na aliangalia nyuma kwanza kabla ya kufungua kinywa. Amekueleza siri ya nyumba ya watu. Ukienda na hasira ukasema "nimeambiwa mnakula pesa zao," jioni hiyo meneja atajua meza uliyoketi na aliyekuhudumia, na wiki ijayo hayupo. Atapata wapi kazi nyingine, na barua ya sifa ataandikiwa na nani? Kama siku moja wao wenyewe wataamua kwenda kwa ofisa wa kazi wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, na wakienda watano pamoja ni bora kuliko mmoja, hiyo ni njia yao na wana haki nayo. Wewe una njia ya mteja. Rudi siku nyingine, siku ambayo binti huyo hayupo zamu au hakukuhudumia wewe. Kula, lipa, kisha muite meneja kwa utulivu na umuulize kama mtu anayetaka kujua: "Nataka kuwaachia wahudumu kitu. Nikikiweka kwenye kijalada kinawafikia chote, au niwape mkononi?" Akijibu kinawafikia, muulize kinagawanywa vipi na siku gani. Swali hilo likiulizwa na wateja wanne kwa mwezi, sanduku litaanza kufunguliwa mbele ya watu, kwa sababu mwenye mgahawa anaogopa jina baya kuliko anavyoogopa glasi. Waambie marafiki zako wa Ndeeba waulize hivyo hivyo popote wanapokula.

Akikuuliza nani amekuambia habari za sanduku, mjibu kwamba wewe huuliza hivyo kila unapokula, na kuanzia leo iwe kweli. Jina la binti lisitoke kinywani mwako, hata kumsifu.

Shangazi